Siku Niliyoianika Kompyuta Mpya ya Chama

Mkinikuta sokoni Biharamulo na mkasikia mtu anapaza sauti, "Mzee wa Kuanika, shikamoo!", msidhani nilikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Nilikuwa fundi wa mashine za ofisi. Nilianza na taipureta, nikaingia kwenye mashine za kudurufu, nikamalizia kwenye kompyuta, na katika hizo zote hakuna aina ambayo sikuwahi kuikosea. Jina hilo nililipata kwa kompyuta moja tu. Kwa kuwa ninyi vijana mnaoshika bisibisi siku hizi mnanisalimia nalo bila kujua lilikotoka, afadhali mlisikie kwangu kabla wengine hawajaongeza chumvi.

Nilikuwa na pikipiki na begi la ngozi. Ndani ya begi mlikuwa na bisibisi, brashi ya kupangusia vumbi, waya za akiba, na CD moja niliyoitia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga kwa mpira. Hiyo CD ndiyo ilikuwa roho yangu. Ilikuwa na draiva za kila kitu nilichowahi kukutana nacho. Kwa mnaoanza, draiva ni programu ndogo inayoieleza kompyuta namna ya kukitumia kifaa fulani, iwe printa, iwe spika, iwe kamera. Bila draiva, kompyuta na printa hukaa meza moja kama wakwe ambao kila mmoja hajui lugha ya mwenzake. CD hiyo niliipata enzi ambazo intaneti huku kwetu tuliisikia redioni, nikaiamini kupita kiasi. Mmeshawaona waganga wa namna yangu: uumwe kichwa, uumwe mguu, mzizi ni uleule.

Aliyenifundisha kazi hakuwa hivyo. Marehemu Mzee Selestini alitengeneza taipureta za maofisi pale Biharamulo, na akiitwa mahali hakuigusa mashine. Alivuta kiti, akakaa pembeni, akamwambia mwandishi, "Andika, mama, kama unavyoandika siku zote. Mimi nipo tu." Basi mama aliandika, mzee akatazama. Mara nyingi aliinuka ameshajua ugonjwa: huyu ana pete inayogonga, yule anavuta karatasi kabla ya kuilegeza. Mimi nilimwona anapoteza muda. Nilijiambia kwamba nikianza kujitegemea nitafungua mashine kwanza, maana kufungua ndiko ufundi, kukaa ni uzee. Nikajitegemea, na kweli nilifungua sana.

Niwape mfano mmoja wa kufungua kwangu. Shule moja huko Keza iliniita kwamba kompyuta ya ofisi ya walimu haiwaki. Nikaenda kwa zile njia za miguu, pikipiki ikiteleza kwenye tope, nikaifungua, nikatikisa kichwa kama daktari, nikasema hii lazima ilazwe. Nikaifunga kwenye blanketi la mwalimu mkuu, nikaipakia, nikarudi nayo Biharamulo. Nyumbani ikawaka mara moja. Nikairudisha Keza, ikagoma. Nikaibeba tena, ikawaka tena. Mara ya mwisho mpishi wa shule akaniomba nimchajie simu kwenye soketi ileile, simu haikuingiza chaji, ndipo nikajua kwamba kilichokufa ni soketi ya ukutani. Kwa hiyo jueni kabisa kwamba habari ninayotaka kuwapa haikunikuta kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimejiandaa nayo kwa miaka mingi.

Ilikuwa karibu na kustaafu kwangu. Chama kimoja cha wakulima wa kahawa, upande wa Bukiriro, kilinunua kompyuta mpya. Kompyuta nzuri, nyembamba, kioo chake unajiona kabla hujaiwasha. Printa walibaki na ile ya zamani, maana ilikuwa bado inapiga kazi. Mwenyekiti wa chama, Mzee Gaspari, aliniita niwafungie. Ni mtu mpole wa maneno machache, lakini kamati nzima ilikuwa ikimtazama yeye kwanza kabla ya kucheka. Karani alikuwa Leokadia, binti aliyetoka chuo si zamani, bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Alikuwa ameshafuma kitambaa cheupe cha kuifunikia kompyuta kabla hata haijafika.

Nilifunga kila kitu, nikatumbukiza CD yangu niiwekee draiva ya printa. Kompyuta ikanionya. Ikaandika kwamba draiva hii ni ya mfumo wa zamani, je, nina uhakika nataka kuendelea? Mimi nibishane na kitoto kilichotoka kwenye boksi leo? Nikabonyeza endelea. Kabla sijajaribu kuchapa hata ukurasa mmoja umeme ukakatika, na Leokadia alikuwa ameleta ndizi na maharage. Nikala, nikanawa, nikasema kazi imekwisha. Vijana, fundi aliyeondoka kabla ya kujaribu hajamaliza kazi, amemaliza chakula.

Sasa mnajua kwetu kitu kipya hakianzi kazi hivi hivi. Nyumba inabarikiwa, pikipiki inabarikiwa, mashine ya kusaga inabarikiwa. Siku ya pili Padre alikuja, Leokadia akaondoa kile kitambaa, sala ikasaliwa, maji ya baraka yakanyunyizwa, watu wakapiga vigelegele. Kesho yake ndipo kompyuta ilipoanza kutumika, na kesho yake hiyohiyo simu yangu ikalia.

"Shikamoo, Fundi," Leokadia alisema. "Kompyuta imezimika yenyewe. Imekuwa bluu yote, ikaandika maneno ya Kiingereza, kisha ikajiwasha tena."

Marahaba sikusema. Nilisema, "Umebonyeza nini?"

Kama kuna neno moja ningetaka mlifute kwenye vinywa vyenu ni hilo. Ukimwuliza mtu amebonyeza nini, umeshamhukumu, na kuanzia hapo atakuficha hata yale ya maana. Leokadia akasema hajabonyeza kitu. Nilipofika nilimkuta anaandika akigusa kila kitufe kwa ncha ya kidole kama anayepima kama chungu kina moto.

"Tangu lini inafanya hivi?" nikauliza.

"Tangu ibarikiwe," akasema.

Ilikuwa kweli, kwa sababu kabla ya kubarikiwa haikuwa imefanya kazi yoyote. Lakini kichwa changu hakikwenda huko. Kichwa changu kilikwenda kwenye maji. Nikageuka kwa Mzee Gaspari na kutangaza kwa sauti ya mtaalamu, "Mwenyekiti, kompyuta imeingia maji."

Padre hakuwa mbali, akaja kuona. Akaitazama kompyuta, akanitazama na mimi. "Fundi," akasema, "mimi hunyunyiza, sifui."

Watu wakacheka, nami nikakasirika, na fundi aliyekasirika ni hatari kwa mali za watu. Nikachomoa waya zote, ya printa pia, nikafungua boksi la kompyuta. Ndani kulikuwa kukavu kabisa. Nikasema maji ya namna hii hayaonekani kwa macho. Nje ya ofisi kulikuwa na vichanja vya kuanikia kahawa, jua limekaa vizuri, kahawa imetandazwa. Nikaomba gunia safi, nikasogeza kahawa pembeni, nikaiweka kompyuta mpya ya chama juu ya kichanja, tumbo wazi, ikauke.

Mnajua kwamba kahawa ikianikwa haiachwi, inageuzwa. Akina mama waliokuwa zamu walikuwa wakipita wakiigeuza kwa mikono, kichanja hadi kichanja. Mmoja alipofika kwenye kompyuta akasimama, akaniita kwa heshima zote.

"Fundi, na hii tuigeuze?"

Nikamjibu aigeuze kidogo. Ndiyo, nilimjibu hivyo. Akaigeuza upande wa pili, akapangusa ganda la kahawa lililoruka likaingia ndani, akaendelea na kahawa yake.

Mchana nikairudisha mezani, nikaifunga, nikaiwasha. Ikawaka. Leokadia akaandika, ikatulia. Akafungua hiki na kile, ikatulia. Jioni ilikaribia na haikuzimika hata mara moja. Nikasimama mlangoni mikono kiunoni nikamwambia Mzee Gaspari mbele ya watu wote, "Maji yamekauka. Mashine yenu ni nzima kabisa. Hapa hakuna tatizo tena." Nikala tena, nikafunga begi, nikaondoka kuelekea nyumbani. Waya wa printa niliuacha sakafuni. Nilimwambia Leokadia auchomeke mwenyewe akitaka kuchapa.

Nilikuwa Lusahunga, nimesimama nanywa chai kando ya malori yaendayo Rusumo, simu ikaita. Mzee Gaspari. Kwetu l na r hupishana njiani, hasa mtu akiwa na huzuni.

"Fundi, imerara tena."

"Imelala vipi, Mwenyekiti? Niliiacha nzima."

"Ndivyo ulivyosema. Ulisema mashine ni nzima. Basi kama mashine ni nzima, kilichobaki ni mtu. Kamati inakaa Ijumaa. Tutamrudisha binti kwao."

Chai ilinishinda. Nilikuwa nimeyafukuza maji, nimeisafisha mashine, nimejisafisha na mimi mwenyewe, na chumbani hakubaki mwingine wa kushtakiwa isipokuwa mtoto wa watu. Niliona aibu, na aibu hiyo sikuwa na pa kuiweka. Nikampigia Leokadia. Hakulia wala hakunilaumu. Alisema tu, "Fundi, nina mdogo wangu yuko sekondari, ananitegemea mimi. Kama ni mimi ninayeiharibu, nionyeshe ninapokosea, nitaacha." Hilo neno la "nitaacha" lilinichoma kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa kazini, na nimetukanwa na watu wanaojua kutukana.

Ijumaa asubuhi nilikuwa pale kabla ya kamati. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi sikufungua begi. Nilivuta kiti, nikakaa pembeni, nikasikia mdomo wangu unasema maneno ya Mzee Selestini. "Andika, mwanangu, kama unavyoandika siku zote. Mimi nipo tu."

Akaandika. Kompyuta ikatulia. Akahifadhi. Ikatulia. Akasema, "Sasa nachapa," akabonyeza, printa ikakohoa, na kioo kikawa bluu.

Nikamwuliza kama siku zote hufa hapo. Akafikiri, akasema ndiyo, karibu siku zote ni wakati wa kuchapa, ila hakuna aliyemwuliza. Nikakumbuka ule waya wa printa sakafuni. Kumbe siku ile kompyuta haikukauka. Ilipumzishwa tu na printa.

Tukarudia, na safari hii nilishika simu tayari, maana ile bluu haikai, inapita kabla hujamaliza mstari. Nikaipiga picha. Vijana, pigeni picha. Maneno yale yanatisha lakini ni ushahidi, na mara nyingi mwishoni huandika jina la faili lililosababisha. Siku zote mimi nilikuwa naiona ile bluu na kuogopa rangi, sikusoma. Nikavaa miwani, nikakuza picha, nikalisoma jina la faili.

Nililijua. Nilikuwa nimeliona mara nyingi mno, likipita kwenye kioo kila nilipoweka draiva za printa kutoka kwenye CD yangu. Nikatazama begi langu pale sakafuni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, kimefungwa kwa mpira.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kawaida, na nawaeleza ili mkikutana nayo msitafute kichanja. Niliwasha kompyuta katika hali salama, ile ya kuiamsha na vitu vichache vya lazima tu, na ilipotulia nikajua vyuma havina kosa. Nikaondoa printa kwenye orodha ya vifaa, kisha nikaiondoa na draiva yenyewe, maana ukiondoa jina ukaacha draiva, kesho itarudi. Nikachukua namba ya printa kwenye kibandiko cha nyuma, nikatazama na kompyuta inatumia mfumo gani, nikatafuta draiva ya mtengenezaji inayofaa vyote viwili. Mtandao pale ofisini ulikuwa unakuja na kuondoka, ikabidi nipande na simu hadi karibu na kanisa. Padre akaniona nimesimama na simu nimeinua juu. Akaniuliza kama bado natafuta maji. Nikamwambia hapana, Padre, nimeshampata mwenye dhambi. Hakuniuliza ni nani, alinitazama tu akatabasamu.

Nilipoweka draiva mpya, Leokadia akabonyeza kuchapa. Printa ikakohoa. Ukurasa ukatoka. Akauchukua, akauweka mezani, nami nikausoma. Ulikuwa ajenda za kikao cha siku ile. Ya kwanza kufungua kikao, ya pili taarifa, ya tatu msimu wa kahawa, ya nne: *Karani*.

Yeye ndiye karani, yeye ndiye aliyetakiwa kuiandika. Tangu Mwenyekiti aliponipigia simu, kompyuta ilikuwa ikifia kwenye ukurasa huo, na kila mara alipoiwasha aliuandika upya, bila kuruka mstari wake mwenyewe. Nikamwambia achape za wajumbe wote, nione kama kweli imepona. Ikachapa zote.

Kamati ikakaa. Mzee Gaspari akavaa miwani, akagawa karatasi, akaanza. Mimi si mjumbe, nilipaswa kukaa nje na begi langu, lakini niliingia nikasimama karibu na mlango. Ilipofika ya tatu nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwenyekiti, kabla hamjaingia ya nne, nina neno."

Nikawaeleza. Sikuremba. Nikasema mashine ilikuwa nzima tangu dukani, binti alikuwa mzima tangu chuoni, na maji yalikuwa ya Mungu. Ugonjwa niliuleta mimi kwenye begi, nikaupandikiza kwa mikono yangu, kompyuta ikanionya nikaidharau, kisha nikamuuliza mtoto wa watu amebonyeza nini. Nikaitoa CD nikaiweka mezani.

Nilisikia kahawa ikigeuzwa nje. Kisha mjumbe mmoja mzee, mwenye kofia magotini, akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo, Fundi, siku ile juani ulikuwa unaanika nini?"

Kicheko kilichotoka mle ndani kilitikisa mabati. Mzee Gaspari alijitahidi kujizuia hadi miwani ikamdondoka. Alipoiokota, akachukua kalamu, akaivuta karatasi yake, akafuta neno moja kwenye ajenda ya nne na kuandika jingine juu yake. Akasoma kwa sauti, "Ajenda ya nne. Fundi."

Nikajadiliwa. Uamuzi ulikuwa wa desturi ya kwetu: mtu akikosea mbele ya watu, analeta pombe ya ndizi, wanakunywa aliokosana nao, jambo linakwisha na halifufuliwi. Sikukata rufaa. Kuhusu CD, akina mama wa zamu waliiomba, wakaitundika kwa uzi juu ya bustani ya mtama, ikawa inageukageuka juani na kufukuza ndege. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiona ikiifanya bila madhara.

Lakini kabla kikao hakijafungwa, Leokadia, ambaye muda wote alikuwa kwenye kona yake akiandika muhtasari, aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa wa kazi kabisa.

"Samahani, Mwenyekiti. Kwenye muhtasari niandike kompyuta ilikaushwa, au ilianikwa?"

"Andika ilianikwa," Mzee Gaspari alisema. "Na uandike nani aliyeianika."

Akainama akaandika jina langu lote, mkono umetulia, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Ndiyo maana, wanangu, mkinisalimia kwa jina lile sokoni sikasiriki. Huwa namwona yule binti na kalamu yake, naitika marahaba.